Ngozi si Mbao

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Msasa, na mwenyewe alikuwa ameshazoea. Mume wake alikuwa seremala. Mume alipima, akakata, akaunganisha. Lakini hakuna kitu kilichotoka katika karakana ile kabla ya kupita mikononi mwa mke wake. Kila mguu wa kiti na kila ukingo wa meza aliupiga msasa mpaka ukateleza. Kisha alifumba macho na kuupapasa. Akihisi kikwaruzo, hata kidogo namna gani, alianza upya.

"Mke wangu, mteja hatapapasa chini ya meza," seremala alisema.

"Nitapapasa mimi," alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ilikuwa Jumatatu, kabla ya adhuhuri. Mama Msasa alikuwa amepiga magoti, anasugua mlango wa kabati. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Alipoinua macho, alimwona binti yake amesimama mlangoni.

Binti huyo alikuwa wa mwisho kuzaliwa, kwa hiyo nyumbani walimwita Kitinda. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wiki mbili zilizopita alikuwa amepata kazi yake ya kwanza, katika duka kubwa la mikate. Alisimama kaunta na kuwahudumia wateja. Saa hizo hakutakiwa kuwa nyumbani.

"Kulikoni? Unaumwa?"

Kitinda alitikisa kichwa. Bado alikuwa amevaa aproni ya kazini.

"Madamu amenirudisha."

Madamu ndiye aliyekuwa msimamizi wa duka lile. Wafanyakazi walimwita hivyo, naye alipenda kuitwa hivyo.

"Kwa kosa gani?"

"Uso, mama."

"Uso umefanya nini?"

"Amesema ni mchafu." Machozi yakaanza kumtoka. "Ameniita mbele ya wenzangu wote, na wateja wamesimama foleni. Akaninyooshea kidole puani. Akasema, 'Vitu gani hivi vyeusi? Wewe hunawi? Nani atanunua mkate kwa mtu mchafu?' Watu wakacheka, mama. Akaniambia niende nikajisafishe, nirudi Jumatatu ijayo. Nikirudi na weusi huu, nisivae tena aproni yake."

Damu ilimchemka Mama Msasa. Aliutupa msasa chini.

"Mchafu? Mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu hii? Mbele ya watu? Huyo Madamu ananijua au ananisikia? Nipisheni!"

Seremala alikuwa amebeba ubao mrefu. Akausimamisha mlangoni, njia ikazibika.

"Ukienda sasa hivi na moto huo, mtoto hana kazi jioni hii," alisema. "Tulia kwanza."

Mama Msasa alihema. Alijua mume wake amesema kweli, na hilo lilimwudhi zaidi. Akamshika binti yake mkono, akampeleka dirishani kwenye mwanga. Akamwinua kidevu na kumtazama vizuri.

Kweli, vilikuwepo. Vidoti vidogo vyeusi vilikuwa vimejaa puani, pembeni mwa pua na kwenye kidevu, kama mtu aliyerushiwa wino. Wanaishi nyumba moja, wanakula meza moja, naye hakuwahi kuviona. Alijisikia vibaya. Na yeye akijisikia vibaya, lazima amkasirikie mtu. Aliyekuwa karibu ni Kitinda.

"Hebu niambie ukweli. Kwani wewe unanawa kweli?"

Kitinda alimtazama mama yake kana kwamba amezabwa kofi.

"Nanawa mara nne kwa siku, mama. Kwa sabuni ya kufulia."

"Basi hujui kusugua."

Hapo ndipo mama huyu alipokosea, na alikosea kwa kujiamini. Kwake yeye, kitu chenye madoa na vikwaruzo kina tiba moja tu. Alifungua droo, akatoa kipande cha msasa laini kuliko yote, ule wa kumalizia vanishi. Kilikuwa kimetumika mpaka kikalainika kama karatasi.

"Huu hauumizi," alisema. Akauchovya kwenye maji ya sabuni.

"Mama, huo ni wa viti!"

"Na hakuna kiti kilichotoka hapa kikiwa na madoa. Kaa chini."

Alisugua taratibu, kwa duara, kama alivyosugua mbao. Kitinda alikunja uso.

"Inawasha, mama."

"Inawasha kwa sababu inafanya kazi."

Alipomaliza alifumba macho, akaipapasa pua ya binti yake. Ilikuwa inateleza. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jumanne asubuhi pua ilikuwa nyekundu, na vidoti vilikuwa palepale. Mama Msasa akasugua tena. Jumatano alileta pini, akaanza kuvikamua kimoja kimoja. Kitinda aliuma meno. Alitaka sana kurudi kazini, akakubali kila kitu. Siku hiyohiyo, bila kumwambia mtu, alipaka krimu aliyopewa na jirani mmoja. Ilikuwa kwenye kikopo kisicho na maandishi yoyote. Jirani alisema inang'arisha uso kwa siku tatu.

Alhamisi uso ulikuwa umevimba. Ngozi ya pua ilikuwa imechubuka na kutoa majimaji. Pembeni mwa pua palitokea jipu dogo la moto, ukiligusa anaruka.

Seremala aliweka randa chini. "Mke wangu, huyo ni mtoto. Si kiti."

"Kama una dawa, ilete. Kama huna, endelea na kazi yako!"

Alisema kwa ukali, lakini msasa hakuugusa tena siku hiyo. Alikuwa ameanza kuogopa.

Ijumaa asubuhi walisikia hodi. Alikuwa nesi wa kliniki ya mtaani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Kliniki ilikuwa imeagiza mabenchi ya wagonjwa, naye alikuja kuyakagua. Alikalia benchi la kwanza, akalitikisa, akaridhika. Kisha akamwona Kitinda nyuma ya kabati, amejifunika uso kwa khanga.

"Binti, mbona unajificha? Hebu njoo hapa."

Kitinda hakusogea. Nesi alimfuata, akaishusha ile khanga polepole. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amemfanyia hivi?"

Seremala alijifanya anatafuta penseli, na penseli ilikuwa sikioni mwake.

"Nimeuliza, nani?"

"Mimi," alisema Mama Msasa.

"Kwa nini?"

"Kwa msasa."

"Sikuuliza kwa kitu gani, nimeuliza sababu... Nini? Kwa msasa?" Nesi alishika kichwa. "Msasa wa mbao? Jamani! Mama mzima!"

"Usinipigie kelele! Mimi ni mama yake!"

"Ndiyo. Na ndiyo maana amekaa akakuvumilia. Angekuwa mtu mwingine, angekimbia siku ya kwanza."

Mama Msasa alikaa kwenye benchi la kliniki, mikono mapajani.

"Madamu wake alisema ni mchafu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kumtoa uchafu, kwa msasa na kwa pini."

Nesi alikaa karibu naye. Hasira yake haikuisha, lakini ilipata njia nyingine.

"Uchafu! Neno hilo nimelichoka. Kila wiki wanakuja kliniki watoto wa watu wamejichuna nyuso kwa sababu mtu fulani amewaambia ni wachafu. Nisikilize. Vidoti hivi vyeusi si uchafu. Ni aina ya chunusi. Ungekuwa uchafu, ungetoka na maji siku ya kwanza. Huyu ananawa mara ngapi?"

"Mara nne," Kitinda alisema.

"Umeona? Mara nne, na havijatoka."

"Sasa weusi unatoka wapi?" Mama Msasa aliuliza.

"Ngozi ina vitundu vidogo sana. Kila kitundu kinatoa mafuta kidogo, ili ngozi isikauke. Hayo mafuta ni mazuri, Mungu aliyaweka. Pia ngozi hujibadilisha. Seli za zamani hufa na kubanduka. Sasa kwa vijana mafuta huwa mengi. Yakichanganyika na seli zilizokufa, kitundu kinaziba. Mdomo wa kitundu ukibaki wazi, ile takataka ya juu inakutana na hewa. Ikikutana na hewa, inageuka nyeusi."

Mama Msasa aliinua kichwa. "Kama mbao. Ukiipasua leo, ndani ni nyeupe. Ukiiacha hewani, inabadilika rangi."

"Hapo umenielewa. Hakuna aliyeipaka tope. Ni hewa tu."

"Basi nikisugua si inatoka?"

"Hapana! Weusi umeingia ndani ya kitundu. Wewe unachuna ngozi ya juu, na wenyewe umebaki palepale. Mbao imekufa, mama. Ukiikwangua, haisikii. Ngozi si mbao. Ngozi ni kitu kinachoishi. Ukiichubua inavimba, vitundu vinazidi kuziba. Na pini yako imeingiza vijidudu, ndiyo hilo jipu. Tena hapo puani pabaya. Jipu la hapo usilikamue hata siku moja. Sumu yake inaweza kusambaa mbali."

Seremala alikohoa. "Nilimwambia ni mtoto, si kiti."

"Ulisema mara moja, baba," Nesi alimgeukia. "Ulisema siku gani?"

"Alhamisi."

"Na msasa ulianza lini?"

"Jumatatu."

"Basi na wewe nyamaza."

Kitinda alicheka kidogo, kisha akaacha kwa sababu pua ilimuuma. Akatoa kikopo cha ile krimu mfukoni. "Nesi, na hiki nimepaka."

Mama Msasa aligeuka. "Kikopo gani tena?"

Nesi alikifungua, akanusa, akakizungusha. "Hakina jina. Hakina orodha ya vilivyomo. Hakina tarehe. Aliyekitengeneza ameficha hata yeye ni nani. Huwezi kujua kama humu kuna zebaki, au dawa kali ya kuandikiwa na daktari tu. Vitu hivyo huchubua ngozi, huifanya nyembamba, na zebaki huharibu hata figo. Kitu kisicho na jina usikiweke usoni."

Aliondoka na kikopo kile, na aliondoka na Kitinda pia. Mama Msasa alifuata nyuma bila kuvua hata aproni yake ya vumbi.

Kliniki walimsafisha binti kidonda, wakampa dawa ya jipu. Daktari alimwambia asubiri ngozi ipone kabisa kabla ya kutibu vidoti. Kisha Nesi akawaeleza hatua kwa hatua, na Mama Msasa akasikiliza kuliko alivyowahi kumsikiliza mtu.

"Nawa mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni. Ukitoka jasho jingi, ongeza mara moja. Tumia sabuni laini ya uso, si ya kufulia. Sabuni kali hukausha na kuwasha ngozi. Tumia ncha za vidole, usitumie dodoki wala taulo gumu. Jikaushe kwa kugusagusa."

"Na kusugua?" Mama Msasa aliuliza.

"Mama, nitakufunga mikono. Hakuna kusugua. Ngozi ikishapona, atatumia dawa yenye asidi ya salisiliki, asilimia mbili. Inayeyusha ile takataka ndani ya kitundu. Aanze mara moja kwa siku. Ikimkausha, apake siku moja, aache siku moja. Akihitaji zaidi, daktari atampa dawa inayoitwa adapalini. Hiyo hupakwa jioni, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Ila mjamzito haruhusiwi kuitumia."

"Na mafuta ya kupaka nipake?" Kitinda aliuliza.

"Paka, lakini mepesi, yaliyoandikwa kwamba hayazibi vitundu. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Foronya ibadilishe mara kwa mara. Usikae juani bila kofia. Mikono iwe mbali na uso."

"Kufikia Jumatatu atakuwa amepona?" Mama Msasa aliuliza.

"Jumatatu?" Nesi alishangaa. "Ni wiki sita, nane, hata zaidi. Ngozi haiamrishwi na mwenye duka."

Mama Msasa alimweleza habari yote. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akipumua kwa nguvu kupitia puani. Kisha wakaenda kwa daktari, akaandika barua. Ilisema kwamba Kitinda ana chunusi, kwamba chunusi nyeusi si uchafu wala haiambukizi, na kwamba jipu likishapona anaweza kufanya kazi yoyote.

Jipu liliisha baada ya siku chache. Siku ya kurudi kazini, mama na binti walifika dukani pamoja. Madamu aliisoma barua mara mbili. Akaikunja vizuri.

"Nimeelewa. Arudi. Lakini kaunta hapana. Atakaa nyuma, afungashe mikate mpaka uso utakate."

"Imeandikwa hapo haiambukizi," Mama Msasa alisema. "Imeandikwa si uchafu. Kusoma umesoma, au umetazama tu?"

"Wateja hawasomi barua, mama."

Mama Msasa alivuta pumzi, tayari kusema maneno ambayo yangesikika mpaka barabarani. Kitinda akamshika kiwiko.

"Nitafungasha," alisema. "Mama, nenda nyumbani. Tafadhali."

Mama Msasa alirudi karakana, akaupiga msasa mlango mmoja siku nzima. Mlango ule ulibaki mwembamba kuliko wenzake, seremala akaogopa kusema.

Kitinda alifungasha mikate nyuma ya duka, mahali pasipo na dirisha. Hakukosa siku hata moja. Asubuhi na jioni alinawa taratibu. Dawa alianza kupaka ngozi ilipopona. Wiki ya pili ngozi ilikauka na kubanduka. Mama yake alitaka kuitupa dawa ile. Wiki ya tatu hakuna kilichobadilika, akataka iongezwe mara mbili. Kila alipotaka jambo, Kitinda alisema neno moja, "Nesi," naye akarudisha mikono mfukoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kukiona kitu chenye kasoro na kukiacha.

Wiki ya tano vidoti vilianza kupungua. Wiki ya tisa kidevu kilikuwa safi. Puani vilibaki vichache vya kijivu, na Nesi alisema hivyo ni vitundu vya kawaida. Kila mtu anavyo, akitaka kujua avute kioo karibu.

Jumamosi moja Mama Msasa alikwenda dukani kununua mkate. Foleni ilikuwa ndefu. Kutoka mwisho wa foleni akamwona Kitinda anatolewa nyuma na Madamu, ameshikwa bega kama zawadi. Madamu alikuwa anatabasamu. Akapaza sauti ili wafanyakazi wote wasikie, na wateja pia.

"Hebu mtazameni! Mnaona? Nilimwambia, naye akasikia. Sasa umekuwa msafi. Kuanzia leo unarudi kaunta."

Mama Msasa alihisi moto umempanda kichwani. Akatoka kwenye foleni, hatua moja, mbili. Lakini kabla hajafungua mdomo, binti yake alikuwa ameshasema. Hakupiga kelele. Sauti yake ilitoka sawasawa, ila mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kaunta kwa nguvu.

"Nilikuwa msafi tangu mwanzo, Madamu. Nilikuwa naumwa ngozi. Uliniita mchafu mbele ya watu hawa, na hukuniuliza. Nilinawa mara nne kwa siku. Hapa hakuna aliyeniuliza, na aliyeniuliza hakuniamini."

Wafanyakazi waliomcheka siku ile waliangalia mikate. Tabasamu lilimtoka Madamu.

"Nilikosea," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Walisikia uliponiita mchafu," Kitinda alisema. "Hilo hawakulisikia."

Madamu alitazama foleni. Foleni ilimtazama yeye. "Nilikosea," alirudia, na safari hii hata wa mwisho alisikia. "Hakuwa mchafu. Nisamehe."

Mteja mmoja mzee alipiga makofi mara moja, kisha akaona aibu akaacha. Foleni ikaanza kusogea. Mama Msasa alirudi mahali pake, lakini hasira yote ilikuwa imemtoka. Maneno ya mwisho ya binti yake yalikuwa yamemchoma yeye kuliko Madamu. Aliyeuliza na hakuamini alikuwa nani, kama si yeye?

Zamu yake ilipofika, alisimama mbele ya kaunta. Alimtazama binti yake usoni, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kasoro.

"Mwanangu," alisema, "ulinijibu nikakuambia hujui kusugua. Mimi nilikuwa wa pili kukuita mchafu. Nisamehe."

Nyuma yake watu walikuwa wanasubiri. Kitinda alifuta macho kwa mkono wa blauzi, kisha akakumbuka, akaacha, akachukua tishu safi. Akamwekea mama yake mkate ndani ya mfuko.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Sasa sogea, unachelewesha wateja wangu."